Laptopu yenye GPU mbili: RAM inakwenda wapi na kwa nini mashine inasuasua

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa hapa Tabora zina GPU (chipu ya kuchora picha za skrini) mbili, na wanunuzi wake wakubwa ni wahariri wa video za harusi, wanafunzi wanaochora ramani na vijana wa magemu. GPU moja imo ndani ya prosesa kuu, ya Intel au AMD. Nyingine ni chipu ya peke yake kwenye madabodi, mara nyingi NVIDIA, na hiyo ndiyo inayobandikiwa stika karibu na kibodi. Ile ya ndani haina memori yake. Inakula RAM, yaani memori ya kazi ya mashine, ileile inayotumiwa na Windows. Ya ziada ina memori yake, GB 2 au 4 au zaidi, iliyolehemiwa jirani nayo. Ikijaa, nayo inageukia RAM.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Tangu NVIDIA ilipoleta mfumo wa Optimus mwaka 2010, laptopu nyingi za aina hii zimeunganishwa hivi: waya wa skrini unatoka kwenye GPU ya ndani tu. GPU ya ziada ikishachora picha, picha hiyo inanakiliwa hadi kwenye RAM, kisha ile ya ndani ndiyo inayoipeleka kwenye skrini. Baadhi ya laptopu za magemu za miaka ya karibuni zina swichi ya kuruka hatua hiyo, lakini hizo si nyingi mitaani kwetu. Ndiyo maana matatizo mengi yanayoletwa kwa jina la "grafiki" yanaishia kwenye RAM.

Kabla ya lolote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda sehemu ya "Performance". Utaona "Memory", "GPU 0" na "GPU 1". Mara nyingi 0 ni ya ndani, lakini soma jina lililoandikwa juu kulia, usikisie. Kama Windows 10 yako haionyeshi GPU kabisa hapo, ni toleo la kabla ya mwishoni mwa 2017, au draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia GPU) ni ya zamani mno.

"Fundi, niliambiwa grafiki GB 6, mbona gemu linasema 2?"

Hili ndilo linaloongoza, na laptopu huwa nzima kabisa. Muuzaji alifungua Task Manager, akaonyesha mstari wa "GPU Memory" wenye 5.9 GB, akasema "sita hiyo", bei ikapanda. Tarakimu ile ni jumla ya vitu viwili. Kuna "Dedicated GPU memory", memori halisi ya GPU, ambayo hapo ni GB 2. Halafu kuna "Shared GPU memory", GB 3.9, ambayo ni nusu tu ya RAM yako ya GB 8. Windows imeweka nusu hiyo kuwa ukomo: GPU inaruhusiwa kukopa mpaka hapo, ikihitaji, na kama RAM ipo. Ni sawa na kikomo cha mkopo kwenye simu. Kuandikiwa kwamba unaweza kukopa laki moja hakumaanishi kwamba una laki moja kwenye salio.

Kwa kuwa GPU ni mbili, utaikuta 3.9 mara mbili, kwenye GPU 0 na kwenye GPU 1. Wapo wanaojumlisha na kudhani RAM yote imeshaliwa. Hapana. Zote mbili zinakopa kwenye RAM moja, na kama hakuna inayokopa, Chrome na Word zinaitumia yote bila kizuizi.

Hapa hakuna cha kutengeneza. Ukitaka ile ya kukopa iongezeke, ongeza RAM, nayo itapanda yenyewe. Zile video za kufundisha kuongeza memori ya Intel kwa kuhariri rejista ya Windows zinabadilisha tarakimu inayoripotiwa tu. Gemu lililokataa kufunguka kwa sababu ya tarakimu linaweza kudanganyika likafunguka; kasi inabaki ileile.

Kwa anayekwenda kununua: mwambie muuzaji abonyeze GPU ya ziada, ya NVIDIA au Radeon, usome "Dedicated" peke yake. Asipotaka kuifungua, hilo nalo ni jibu.

"RAM ni GB 8 lakini inaandika 5.9 usable"

Sababu ya kwanza, hasa kwenye laptopu za AMD Ryzen: GPU ya ndani imetengewa kipande cha RAM tangu mashine inapowaka, na Windows haikigusi. Kwenye Task Manager, sehemu ya "Memory", angalia "Hardware reserved". Ukikuta GB 2 hivi, mwizi ndiye huyo. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, utafute "UMA Frame Buffer Size", uishushe hadi MB 512. Kwa laptopu yenye GPU ya ziada hutapoteza kitu cha maana, kwa sababu kazi nzito inafanywa na ile nyingine. Si kila BIOS inaonyesha mpangilio huu. Kama haupo, haupo, usiweke BIOS iliyochakachuliwa ili kuutafuta.

Kama laptopu ni ya Intel, usiilaumu GPU. Intel hutenga kidogo sana mwanzoni, kwa kawaida haifiki hata robo ya GB, kisha hukopa na kurudisha kadiri ya kazi. Ukiona GB nzima au nusu ya RAM haipo, fikiria kipande kimoja ambacho hakijakaa vizuri kwenye sloti yake, jambo la kawaida kwa mashine iliyosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar. Zima, chomoa chaja, tenganisha betri, toa kipande, safisha meno yake kwa kifutio laini cha penseli, rudisha mpaka kisikike kikibana pande zote mbili. Mwenye GB 4 anayeonyeshwa kama 3.2 aangalie kama amewekewa Windows ya biti 32. Mwisho kabisa, fungua msconfig, "Boot", "Advanced options", uhakikishe kisanduku cha "Maximum memory" hakina tiki. Kuna watu wanakiweka tiki wakiamini kinaongeza kasi. Kinapunguza.

"GPU kubwa imelala, ndogo ndiyo inayohangaika"

Gemu linasuasua, GPU 1 inasoma asilimia 0, GPU 0 iko 100.

Mara nyingi Windows imeamua yenyewe kwamba programu hiyo ni ya kuokoa umeme. Nenda Settings, System, Display, kisha Graphics. Ongeza programu yako, bonyeza "Options", chagua "High performance". Funga programu kabisa na uifungue upya, maana uchaguzi wa GPU unafanyika programu inapoanza. Mpangilio kama huo umo pia kwenye paneli ya NVIDIA, lakini zote mbili zikipingana, kwenye Windows za sasa ya Windows ndiyo inayotawala.

Kinachofuata kwa wingi ni betri. Ukichomoa chaja, GPU ya ziada inabanwa makusudi. Hata chaja ikiwa imechomekwa, kama ni ya wati pungufu kuliko ile ya asili, mashine itashusha kasi kimyakimya. Dell huwa zinakwambia waziwazi wakati wa kuwaka kwamba chaja haitambuliki, nyingine zinanyamaza. Linganisha wati zilizoandikwa kwenye chaja na zile zilizoandikwa chini ya laptopu.

Halafu draiva. Fungua Device Manager, sehemu ya "Display adapters". Yanatakiwa majina mawili. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", Windows haina draiva sahihi. Pakua kwa jina la modeli yako kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, weka ya GPU ya ndani kwanza, ya ziada baadaye. Faili la NVIDIA linazidi MB 500, hivyo nunua bando la usiku au omba Wi-Fi ya chuo, maana likikatika katikati ukaliweka nusu, utaongeza tatizo la pili. Alama ya njano yenye "Code 43" inaweza kuwa draiva, na inaweza kuwa chipu. Iondoe draiva yote, weka upya mara moja. Ikirudi 43 ileile, hata kwenye Windows mpya, acha kuhangaika na programu: hiyo ni kazi ya fundi wa bodi. Vilevile kama jina la pili halionekani kabisa na BIOS haina sehemu ya kuiwasha.

Angalizo moja la haki kwa GPU ndogo: kuiona ikifanya kazi si ubovu. Ndiyo inayotoa picha kwenye skrini, na Intel ina mtambo wa Quick Sync ambao programu nyingi za video huutumia makusudi kusoma na kuandika faili. Kwenye Task Manager badilisha grafu uangalie "3D", "Copy" na "Video Encode" mbalimbali kabla ya kuhukumu.

"Nikirenda video ikifika katikati inakata, au inakuwa nzito kupita kiasi"

Malalamiko haya huja kwa makundi miezi ya harusi, na hapa inabidi twende taratibu.

Fungua Task Manager ukiwa unarenda, yaani unatoa video iliyokamilika, uiache pembeni ya skrini. Tazama mistari mitatu: "Dedicated" ya GPU ya ziada, "Shared" ya hiyohiyo, na "Memory" ya mashine nzima. Picha ya kawaida ni hii: Dedicated inapanda hadi karibu GB 2 na kugota. Shared, iliyokuwa MB 100 hivi, inaanza kupanda. Hapohapo kasi inaporomoka ingawa GPU haijazima.

Sababu ni umbali. Chukua NVIDIA MX150, iliyojaa kwenye laptopu za ofisini za kuanzia 2017. Memori yake yenyewe inapitisha GB 48 kwa sekunde. Ikihamia kwenye RAM, data inapita njia ya PCIe ya mistari minne, ambayo haivuki sana GB 4 kwa sekunde. Zaidi ya mara kumi chini. GPU inakaa inasubiri, na wewe unaona mstari wa kurenda umesimama kwenye asilimia 47 wakati mwenye harusi anapiga simu.

Kama RAM nayo imejaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski. Diski ikiwa ya kuzunguka, au ikiwa C imebaki na GB 3, programu inakata kabisa, mara nyingine na ujumbe wa kuishiwa memori, mara nyingine bila hata neno.

Anza na yasiyo na gharama. Funga Chrome, tabo kumi zenye YouTube zinakula RAM, na zinakula memori ya GPU pia. Toa nafasi kwenye C. Iache Windows isimamie yenyewe ukubwa wa "virtual memory", hata kama mtu alikushauri uizime. Kwenye programu ya kuhariri, tumia proksi, yaani nakala ndogo za video za kufanyia kazi, hasa kamera ikiwa ya 4K. Harusi nyingi zinatazamwa kwenye simu na televisheni za inchi 43. Kuhariri kwa 1080p hakumpunguzii bibi harusi chochote. Punguza efekti za kuondoa chembechembe, maana hizo ndizo zinazomeza memori ya GPU kuliko zote.

Ikishindikana, ongeza RAM kabla ya kufikiria laptopu nyingine. Kutoka 8 hadi 16 hakuibadilishi GB 2 ya NVIDIA kuwa 4, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Kinachobadilika ni kwamba mkopo unapata mahali pa kutoka bila kwenda kwenye diski, na kurenda kunafika mwisho, ingawa polepole.

Njia ya mwisho, ambayo wengi wanaipuuza, ni kuiambia programu irende kwa prosesa au kwa Quick Sync. Kwa laptopu yenye GPU ya ziada ndogo, mara nyingine inamaliza mapema kuliko NVIDIA iliyojaa mpaka shingoni.

"Gemu linakwenda vizuri halafu linashtuka"

Toa kifuniko uangalie sloti za RAM, au soma "Slots used" kwenye Task Manager. Kipande kimoja cha GB 8 cha DDR4-2400 kinapitisha GB 19.2 kwa sekunde. Viwili vya GB 4 vinapitisha 38.4. Ujazo ni uleule, njia ni mbili. GPU ya ndani, ambayo haina kingine cha kutegemea, inalihisi hilo mara moja, na hata ile ya ziada inanufaika kwa sababu picha zake zinapita humohumo. Kwa pesa kidogo, hakuna matengenezo yanayonifurahisha kuliko haya.

Nunua aina ileile: DDR3L haiingii kwenye sloti ya DDR4. Kasi zikitofautiana, vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole. Kama GB 4 imelehemiwa kwenye bodi na sloti ni moja, weka nyingine ya 4 au ya 8, zote zinafaa. Kama RAM yote imelehemiwa, usimruhusu mtu akwambie ataiongeza hapohapo kibandani.

"Skrini ina michirizi na vidoti vya rangi"

Sehemu hii isome kwa makini, maana watu wanabadilishiwa skrini nzima bila sababu.

Unganisha televisheni kwa HDMI. Michirizi ikiwa kwenye laptopu tu na televisheni ikawa safi, ni skrini au mkanda wake wa bawabani. Fungua na kufunga kifuniko taratibu uone kama inabadilika. Ikionekana kote kuwili, endelea.

Je, inaonekana hata kwenye BIOS, kabla ya Windows? Picha ya hapo inachorwa na GPU ya ndani, na GPU ya ndani inaihifadhi picha kwenye RAM. Kwa hiyo RAM mbovu inaweza kukuchorea vidoti vya rangi vinavyofanana kabisa na ugonjwa wa GPU. Zima, acha kipande kimoja, washa. Badilisha na kingine, washa. Badilisha na sloti. Kisha endesha mdsched, kipimo cha RAM cha Windows, au MemTest86 kwa flashi, usiku kucha kama umeme unaruhusu. Kosa hata moja linatosha kukitupa kipande hicho.

Ikiwa kila kitu ni safi na michirizi inatokea gemu tu linapoanza, wakati GPU 1 inapanda, hiyo ni memori ya GPU ya ziada au chipu yenyewe. Thibitisha: iweke "Disable" kwenye Device Manager, utumie ya ndani peke yake siku mbili. Ikitulia, umeshapata jibu, na kwa kazi za ofisi unaweza kuendelea hivyo miaka.

Simama hapo. Usikubali bodi ichomwe kwa hita ya upepo "ili chipu ijishike". Inaweza kuwaka wiki tatu, ikafa na kila kilicho jirani. Kubadilisha chipu za memori ni kazi ya mwenye mashine ya kulehemu chipu na mwenye chipu mpya mkononi. Muulize anazo kabla hujamwachia laptopu.

Skrini ikiwa nyeusi tu ghafla huku sauti inaendelea, bonyeza kwanza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo inaanzisha upya draiva za picha bila kuzima mashine. Ikitokea baada ya kusasisha draiva, ingia "Safe mode", Device Manager, "Roll back driver".

HDMI na projekta

Kwenye baadhi ya modeli, tundu la HDMI limeunganishwa na GPU ya ziada, kwa hiyo draiva yake ikifa, projekta haioni kitu ingawa skrini ya laptopu inawaka vizuri. Paneli ya NVIDIA, sehemu ya "PhysX", ina mchoro unaoonyesha tundu gani liko kwa nani. Zaidi ya hapo, badilisha waya kwanza.

Joto

Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, vumbi la Tabora linaingia kila mahali. Kwenye laptopu nyingi za aina hii prosesa na GPU ya ziada zinashiriki bomba moja la kupozea, hivyo moja ikichemka inaibana nyingine. Dalili yake ni kasi nzuri dakika kumi za mwanzo, kisha mteremko, kisha kuzima.

Iweke juu ya meza, si kitandani. Puliza matundu kwa bloa ukiwa umeizuia feni kwa kijiti isizunguke, kwa sababu feni ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibika na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Pesti ya kupozea iliyokauka ibadilishwe na anayejua kufungua modeli yako. Skrubu za hitisinki (chuma cha kupozea kinachokaa juu ya chipu) zina namba na mpangilio wake, na chipu ya GPU haina kofia, inavunjika pembe kwa kuegemewa upande mmoja.

Ukiona kibodi au sehemu ya kuwekea viganja imeanza kutuna, usipime lolote tena. Hiyo ni betri inavimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, upeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Harufu ya kuungua au umeme unaokung'ata kupitia bati, vivyo hivyo.

Unapopeleka, beba na chaja yako, nakili kazi zako kwanza kama bado inawaka, na mweleze fundi tatizo linatokea wakati gani: kabla ya Windows, kwenye betri au kwenye chaja, na GPU ipi ilikuwa inapanda.